Azimio la Sifuri za Zambarau

Mimi nikikasirika naandika. Wengine huvunja vikombe, wengine hulia, mama yangu hununa siku mbili na hakuna anayemsogelea. Mimi hutafuta karatasi. Kwa hiyo Jumatatu ile barua ilipomfikia Akuol, kabla hata hajamaliza kuikunja, nilikuwa nimeshafungua kalamu.

Kalamu yenyewe inafaa kuelezwa. Wino wake ni wa zambarau. Nilipewa na mzungu mmoja mzee kule Eliye Springs, siku darasa letu lilipokwenda kupima watu presha ufuoni mwa ziwa, kwa sababu nilimwambia presha yake ni ya kijana na akafurahi mno. Lodwar nzima hakuna mtu mwingine mwenye kalamu ya rangi ile. Nilikuwa najisifu hivyo hadharani, tena mara kwa mara. Naomba ukumbuke hilo, maana mimi mwenyewe nilisahau.

Naitwa Sally Ajwang. Mama yangu alihamia Turkana zamani, akawa ananunua samaki Ferguson's Gulf na kuwauza mjini, na hasira zangu nimezitoa kwake. Wakati huo nilikuwa mwaka wa tatu katika Chuo cha Uuguzi cha Kawalase, na nilikuwa mwakilishi wa darasa. Akuol Manyang alikuwa analala kitanda cha chini, mimi cha juu. Aliletwa Kakuma na shangazi yake kutoka Sudan Kusini akiwa mtoto wa kubebwa, akasomea katika kambi ya wakimbizi mpaka akapata nafasi chuoni. Ni mtu mtulivu. Mgonjwa akimtukana, yeye humuuliza kama amekunywa maji.

Barua ilisema hivi: Akuol amekosa siku nyingi za mafunzo ya wodini kuliko zinazoruhusiwa na Kanuni ya Kumi na Nne. Kwa hiyo hatafanya mtihani wa mwaka, atarudia mwaka mzima, na arudi nyumbani asubiri. Mtihani ulikuwa umebakiza wiki tatu. Na mfadhili wake, kanisa moja la huko Eldoret, lilikwisha kusema mapema kwamba linasomesha kwa miaka iliyopangwa na haliongezi hata mwezi. Kurudia mwaka kwake ilikuwa ni kuacha uuguzi, basi.

"Ni sawa," Akuol alisema, akaanza kukunja shuka.

"Si sawa! Nani amekuambia ni sawa? Weka hiyo shuka chini!"

Hakuiweka. Aliondoka kwenda Kakuma siku ileile, mimi nikabaki nimekaa juu ya kitanda nikiandika azimio.

Chama chetu cha wanafunzi kina mkutano mkuu mara moja kwa mwaka. Mwanafunzi yeyote anaweza kuleta azimio, asome, aungwe mkono na mwenzake, watu wapige kura. Likipita linakwenda kwa baraza la masomo, na baraza lazima lijibu kwa maandishi. Katiba ya chama inasema maazimio yawe ya Kiswahili, ingawa kila barua ya ofisi ni Kizungu kitupu. Mkutano ulikuwa Jumamosi ya wiki ile. Nikasema Mungu yuko.

Kabla ya kufika mkutanoni, kila azimio lazima lipitie kwa Mwalimu Njenga. Anatufundisha somo la uongozi. Ni mtu wa Nyeri, amekaa Lodwar miaka kumi na kila asubuhi bado analalamikia jua kana kwamba limeanza jana. Jumanne asubuhi nilimwekea azimio mezani. Lilikuwa na kurasa sita na "kwa kuwa" arobaini na moja. Kwa kuwa chuo hiki hakina huruma. Kwa kuwa waliotunga kanuni hawajawahi kushika hata sindano. Kwa kuwa mkono unaoandika barua kama ile haustahili kushika kalamu. Hiyo ya mwisho niliipenda sana, nikaipigia mstari.

Mwalimu alisoma zote. Alikuwa anajipepea na ukurasa wa pili huku anasoma wa tatu.

"Ajwang," alisema, "hii si azimio. Hii ni vita."

"Ni ukweli, Mwalimu."

"Azimio iko na sehemu mbili. Ya kwanza unasema kwa nini. Ya pili unasema nini ifanyike, nani afanye, na lini. Wewe uko na kwa nini arobaini na moja. Nini ifanyike, iko wapi?"

Nilimwonyesha mstari wa mwisho wa ukurasa wa sita: IAZIMIWE KWAMBA WAONE HAYA.

Alivua miwani, akapangusa jasho. "Waone haya lini? Jumatatu asubuhi ama mchana?"

Nilichukua karatasi zangu nikatoka nimevimba. Lakini nilikuwa nimesikia. Nikajiambia, wewe ni muuguzi bwana, andika kama muuguzi. Sisi kila mgonjwa tunamwandikia mpango wa utunzaji: hali yake, tatizo, lengo, hatua, matokeo. Nikaketi kantini nikaandika upya, na mchana nikamrudishia.

Mgonjwa: Kanuni ya Kumi na Nne. Hali alipofikishwa: amekakamaa, macho makavu, haitikii akiitwa. Tatizo: ukosefu wa utu, unaotokana na kukaa kabatini muda mrefu, kama inavyodhihirishwa na barua ya Jumatatu. Lengo: kanuni ipate nafuu ndani ya siku saba. Hatua: ikatwe.

Mwalimu Njenga alicheka mpaka akatoa kitambaa. Nikaanza kutabasamu, nikijua nimepita. Halafu akafungua kalamu yake nyekundu, akaandika juu kabisa: VIPIMO VIKO WAPI?

"Umekata mguu ya mgonjwa na hujampima hata joto," alisema. "Akuol alikosa siku ngapi? Gani na gani? Kanuni inakubali siku ngapi? Na rejista inasema nini? Niletee hizo, nitaweka sahihi."

"Mwalimu, kila mtu anajua kanuni ni siku tatu!"

"Kila mtu ni nani? Ako darasa gani?"

Mimi nilijua ananichelewesha. Walimu na ofisi ni kitu kimoja, wanakunywa chai pamoja. Lakini bila sahihi yake azimio halisomwi, kwa hiyo Jumatano nilikwenda Kakuma.

Shangazi yake Akuol, Mama Thon, ana kibanda cha chai na kisra, ule mkate wa kwao, kule kambini, karibu na soko. Nilimkuta Akuol amefunga leso, anamimina uji wa kisra kwenye chuma cha moto na kuutandaza mwembamba kama karatasi. Sare yake ya uuguzi ilikuwa imetundikwa ukutani, imepigwa pasi. Nilipoiona nilitaka kulia, nikajikaza kisabuni.

"Ya binti, karibu," Mama Thon alisema. "Kaa. Akuol naniambia wewe naandika barua ya kumsaidia. Soma nisikie."

Nilisimama nikasoma, yale ya kwanza na yale ya pili, kwa sauti. Wateja waliacha chai zao. Mzee mmoja alipiga makofi nilipofika kwenye mkono usiostahili kalamu. Mama Thon alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupanga vikombe.

"Kalam kitir," alisema. Maneno mengi. "Wewe nasema watu ya ofisi ni wabaya. Haya, wamesikia. Wamekubali, sisi ni wabaya. Kesho wakiamka, wafanye nini?"

Jamani! Mwanamke hajakanyaga darasa la uongozi hata siku moja, ananiuliza lile swali la Njenga, tena akiwa na vikombe vinne mkononi.

Niliketi. "Akuol," nilisema, "niambie siku ulizokosa."

Aliingia ndani akatoka na mfuko wa plastiki. Kutoka Kakuma kwenda kokote lazima awe na kibali cha kusafiri, na mwezi ule wa mafunzo ya wodini vilikuwa vinatolewa vya wiki moja moja. Kila Ijumaa alitakiwa awe kambini mwenyewe, apange foleni, apate kingine. Kwa hiyo Alhamisi jioni anatoka Lodwar, Ijumaa foleni, Jumapili anarudi. Vibali vyote vinne alikuwa amevitunza, vimepigwa mihuri, havina hata kunyanzi.

"Ijumaa nne," alisema. "Siku nne. Sista msimamizi wa wodi alijua, nilimwomba ruhusa kwa mdomo. Jumatatu mpaka Alhamisi nilikuwa kazini."

"Na kanuni inaruhusu tatu. Kwa siku moja! Kwa siku moja wanamfukuza mtu!"

"Sijui kama ni tatu," Akuol alisema. Akatoa kile kitabu kidogo cha kanuni tunachopewa siku ya kwanza ya kujiunga. Changu nilikuwa nimekiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba. Alinifungulia ukurasa. Nikasoma Kanuni ya Kumi na Nne kwa mara ya kwanza maishani mwangu, baada ya kuiandikia kurasa sita za matusi.

Siku tano.

Nilisoma tena. Mwanafunzi atakayekosa zaidi ya siku tano. Nne si zaidi ya tano, hata kwa hesabu za Nairobi.

"Wee!" Niliruka mpaka kigoda kikaanguka. "Ofisi imekosea! Kanuni haina neno, ni ofisi! Hawajui kuhesabu! Nitawapasha kesho, haki ya nani, nitawapasha mpaka wajue mimi ni mtoto wa nani!"

"Ama labda ni rejista," Akuol alisema polepole.

"Rejista haiwezi kukosea," nilimwambia. "Rejista naijaza mimi."

Akuol alinitazama kidogo, akarudi kwenye kisra yake.

Alhamisi saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwa masijala. Sikwenda peke yangu, maana aibu ya ofisi nilitaka ionwe. Nilikuwa nimemwita Ebenyo, mwenyekiti wa chama chetu, kijana wa Nakalale asiyesema neno bila kulipima. Njiani tulifuatwa na wasichana watatu wa mwaka wa kwanza waliosikia kwamba Ajwang anakwenda kugombana.

"Ejok, Ajwang," Ebenyo alinisalimu kwa Kiturkana. "Umekula?"

"Nitakula nikitoka."

Karani wa masijala ni Bwana Wandera, mtu mpole wa kutafuna njugu. Nilipiga meza yake. Nilimwambia kuna watu hapa hawajui tofauti ya nne na tano. Nilimwambia mwanamke mmoja anatandaza kisra badala ya kusomea mtihani kwa sababu ya uzembe wa mtu, na leo mtu huyo atajulikana kwa jina. Nilimwambia alete rejista ya mwaka wa tatu, mwezi wa mafunzo, mbele ya mashahidi.

Bwana Wandera alikunja karatasi ya njugu. Akaenda kabatini. Akarudi na rejista, akaipangusa vumbi, akaifungua, akaigeuza ielekee kwangu.

Kwenye mstari wa Akuol Manyang kulikuwa na sifuri ishirini. Wiki nne, siku tano tano, sifuri tupu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Zilikuwa za duara nzuri, zimelingana, kila moja ina kijimkia juu. Na zote zilikuwa za zambarau.

Nilizihesabu upya, moja moja, kwa kidole.

Sasa nieleze, maana kueleza lazima. Rejista ya wodini hujazwa kila asubuhi saa moja, mwakilishi wa darasa anasimama mlangoni na kuita majina. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini saa moja asubuhi kuna vitanda vya kutandika, kuna mgonjwa anaita, kuna sista anauliza thamomita iko wapi. Nani ana nafasi? Mimi nilikuwa najaza Ijumaa baada ya chakula cha mchana, wiki nzima kwa mpigo mmoja. Nainua macho: fulani yupo, tiki tano. Fulani hayupo, sifuri tano. Ni dhambi ileile ya muuguzi anayejaza joto la mgonjwa la siku nzima kwa mara moja, asubuhi, mchana na jioni nyuzi zilezile, na mimi nilikuwa wa kwanza kuwacheka wanaofanya hivyo. Ijumaa zote nne nilipoinua macho Akuol alikuwa kwenye foleni Kakuma. Kitanda cha chini! Mtu ninayemsikia akikoroma! Na safu ya mwisho, ile iliyoandikwa "Sababu," ilikuwa nyeupe kutoka juu mpaka chini.

"Wino mzuri," Bwana Wandera alisema.

Msichana mmoja wa mwaka wa kwanza alianza kucheka, akazibwa mdomo na mwenzake. Ebenyo aliinama akaangalia sifuri moja kwa karibu sana, kisha akaangalia kalamu iliyokuwa mfukoni mwangu.

"Bwana Wandera," nilisema, na sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine, "tunaweza kusahihisha?"

"Rejista ikishapigwa muhuri haiguswi. Mpaka baraza la masomo liseme."

"Na baraza litasema vipi?"

"Si nyinyi huwa mnaleta maazimio?" Akafungua njugu zake.

Nje, Ebenyo alingoja wasichana wapite. Nilimshika mkono. "Ebenyo, ndugu yangu, hii tuimalize kimyakimya."

"Kimyakimya itampeleka Akuol mtihani?"

Nikamwachia mkono.

"Jumamosi saa tatu," alisema. "Ajenda ya nne ni wewe."

Nitasema ukweli: niliogopa. Mwanafunzi anayeandika uongo kwenye rekodi anaweza kufukuzwa, na mama yangu angenila mbichi na samaki wake wote. Alhamisi hiyo nilikwenda wodini nikamwomba sista msimamizi kitabu cha kukabidhiana zamu. Kila muuguzi anayemaliza zamu hutia sahihi humo, nani alipewa dawa gani na saa ngapi. Nikanakili. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, wiki nne: sahihi kumi na sita za Akuol, ndogo, zimesimama wima. Nilizidi kunywea kwa kila moja. Zamani ningeziita ushahidi wa ushindi.

Ijumaa nilimpelekea Mwalimu Njenga azimio la tatu. Lilikuwa ukurasa mmoja. Alisoma akitikisa kichwa kwa kukubali, mpaka akafika kwa kuwa ya tatu: KWA KUWA hitilafu ilitokea katika kujaza rejista. Hapo kalamu nyekundu ikasimama.

"Hitilafu haina mkono," alisema. "Nani alijaza?"

Nilitazama sakafu. "Ulijua, Mwalimu?"

"Rangi kama hiyo? Niliona siku ile barua iliandikwa. Nikaenda kwa mkuu wa chuo, akasema rejista ni rejista. Ilibaki mwenye mkono aseme mwenyewe."

"Si ungeniambia tu!"

"Ningekuambia Jumanne, ungeniandikia kwa kuwa ya arobaini na mbili."

Nilichukua karatasi nikaandika tena sentensi ile. Ilinichukua muda mrefu kuliko zile kurasa sita. Aliisoma, akatia sahihi, akaanza kulalamikia jua.

Jumamosi Akuol alifika. Alikuwa amepata kibali cha siku tatu. Nilikusudia kumwambia langoni, nilikuwa nimeyapanga maneno. Lakini alinikumbatia kabla sijafungua mdomo, akanipa kifurushi cha kisra kutoka kwa Mama Thon, bado kina joto. "Shangazi anasema ule kwanza ndipo usome," alisema. Alikuwa amevaa ile sare. Maneno yote yakanipotea, nikashika kifurushi nikaingia nacho ukumbini kama mwizi.

Mkutano ulikuwa katika bwalo la chakula, watu zaidi ya mia, madirisha yote wazi na bado tunachemka. Ajenda ya nne, Ebenyo akaita jina langu. Anapima dakika kwa saa ya kifuani ya kuhesabia mapigo ya moyo. "Dakika tatu," alisema. Watu walijua Ajwang ana moto, wakakaa vizuri wafurahie.

Nilisoma.

"Kwa kuwa Akuol Manyang wa mwaka wa tatu alifanya kazi wodini siku kumi na sita, kama sahihi zake zinavyoonyesha katika kitabu cha kukabidhiana zamu, na nakala ziko hapa. Na kwa kuwa alikosa Ijumaa nne akitafuta kibali cha kusafiri, na vibali viko hapa. Na kwa kuwa mimi, Sally Ajwang, mwakilishi wa darasa, sikujaza rejista kila siku kama ninavyotakiwa, bali nilijaza mara moja kwa wiki kwa kuangalia nani yupo Ijumaa, na kwa mkono wangu nikamwandikia sifuri kumi na sita ambazo si zake."

Sikuthubutu kutazama safu ya mbele, alikoketi Akuol.

"Hivyo iazimiwe kwamba, moja, baraza la masomo liruhusu rejista isahihishwe kabla ya mtihani, kama tunavyosahihisha faili la mgonjwa: mstari mmoja juu ya kosa, kosa libaki linasomeka, na aliyekosea aandike jina na sahihi. Mbili, kuanzia muhula ujao kila mwanafunzi atie sahihi yake mwenyewe kila asubuhi. Tatu, siku ya kutafuta kibali iandikwe kama ruhusa, na safu ya sababu isiachwe wazi. Nimemaliza."

"Umebakiza dakika moja na nusu," Ebenyo alisema, naye mwenyewe alionekana kushangaa. "Nani anaunga mkono?"

Hakuna.

Nikaangalia wawakilishi wenzangu wa madarasa. Shiko wa mwaka wa pili alikuwa anakagua kucha. Yule wa mwaka wa kwanza alikuwa amegundua kitu cha ajabu kwenye kiatu chake. Ala! Ndipo nikaelewa. Wote wanajaza Ijumaa! Bwalo zima lilijaa watu wa Ijumaa, na hakuna aliyetaka kusimama akaulizwa lake.

"Azimio lisipoungwa mkono linaanguka," Ebenyo alisema. "Mara ya mwisho. Nani anaunga mkono?"

Kiti kilisogea safu ya mbele. Akuol alisimama. Akashikanisha mikono mbele ya aproni.

"Akuol Manyang, mwaka wa tatu," alisema. "Sifuri niliandikiwa mimi. Naunga mkono."

Akakaa. Hakunitazama.

Mikono iliinuka kidogo kidogo, halafu karibu yote. Mmoja tu ulipinga, wa Shiko, ambaye alieleza kwamba azimio ni zuri ila yeye saa moja asubuhi hawezi kusimama mlangoni.

Tulipotoka nilimkimbilia Akuol kando ya ukuta wa bwalo. Kifurushi cha kisra bado kilikuwa mkononi mwangu, kimepoa. "Umenikasirikia?" nilimuuliza.

"Sana," alisema. Sauti ileile ya kuuliza mgonjwa kama amekunywa maji. "Nimekasirika sana, Ajwang. Nitakuambia nikishamaliza mtihani. Sasa nina kazi ya kusoma."

Baraza lilijibu Jumatano, kwa maandishi, kwa Kizungu. Yote matatu yalikubaliwa. Mimi nilivuliwa uwakilishi na nikaamriwa kurudia wiki nne za wodini wakati wa likizo, wenzangu wakiwa kwao wanalala. Mama aliponipigia simu niliiweka juu ya kitanda, nikaenda kuoga, niliporudi alikuwa bado anasema. Kisha nikaenda masijala kusahihisha. Bwana Wandera alinipokonya ile kalamu yangu akanipa nyeusi ya serikali. Mistari kumi na sita, majina kumi na sita, sahihi kumi na sita. Sifuri za zambarau bado zinasomeka chini yake, na zitasomeka mpaka rejista ile iliwe na mchwa.

Akuol alifanya mtihani akapita. Jioni ya karatasi ya mwisho aliketi kitanda cha chini, akaniambia niketi sakafuni, akaniambia. Alisema kwa dakika arobaini. Aliniambia kilio cha Mama Thon, aliniambia alivyoikunja ile shuka, aliniambia kwamba alijua tangu siku ile kibandani na alingoja nijue mwenyewe. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo, na sikutafuta karatasi.

Darasa lilimchagua yeye mwakilishi. Jumatatu ya kwanza ya muhula mpya nilifika mlangoni wodini saa moja na dakika tisa. Akuol alikuwa amesimama pale na rejista kifuani. Wenzangu wote walikwisha kutia sahihi. Aliangalia saa yake, akaweka ncha ya kalamu kwenye mstari wangu, nikaona kabisa mkono unajiandaa kuzungusha sifuri. Damu ikanipanda. Nikafungua mdomo nimpashe.

"Sababu?" aliniuliza.

Nikafunga mdomo. Nilikuwa mwakilishi mwaka mzima, na swali hilo sikuwahi kumuuliza mtu.

"Kulikuwa na bibi langoni," nilisema. "Alikuwa anatafuta chumba cha eksirei, haoni vizuri. Nikampeleka."

Akuol aliandika yote, kwenye safu ile nyembamba, kwa maandishi madogo yaliyosimama wima, mpaka bibi na macho yake. Akaigeuza rejista, akanipa kalamu.

"Tia sahihi," alisema. "Halafu ukimbie, kitanda cha sita kinaita."